Nguzo ya D-4

Maite, jengo lako limenifikia saa tano usiku
likiwa mita kumi na tisa chini ya ardhi.
Sikushangaa. Wewe huanza kuhesabu kwenye kona ya kiwanja,
pale penye mlimao wa jirani;
mimi huanzia kwenye maji ya Biobío,
kwa hiyo kila unachonitumia huzama kwanza
nami hukiopoa, ghorofa baada ya ghorofa,
chai ikipoa.

Na nguzo zako, kompyuta yangu imezisoma kama masanduku.
Haijui kwamba zinabeba.
Kwake nguzo na kabati la vitabu ni ndugu wa tumbo moja:
urefu, upana, kina, rangi ya kijivu.
Nimekesha nikiziambia moja moja:
wewe umesimama, wewe umeegemea,
wewe unaning'inia,
wewe pambo tu, pumzika.

D-4 uliichora nyembamba, sentimita thelathini,
ili mtoto anayesoma dirishani asizibiwe mlima.
Nilikuelewa. Lakini nilikuwa na miaka tisa
usiku ule ardhi ya Concepción ilipojikung'uta,
na shangazi Hortensia akatoka na kikaango mkononi,
bila viatu, bila ukuta nyuma yake.
Nikaiandika hamsini na tano.
Nikahifadhi. Nikakurudishia.

Wewe ukafungua toleo la kumi na sita.
La kumi na saba lilikuwa langu.
Wiki tatu tulichora majengo mawili
chini ya jina moja,
kila mmoja akimsifu mwenzake kwa ukimya wake.

Aliyetufumania ni msimamizi, Belarmino Catrileo.
Alipiga simu kutoka Hualqui, mvua ikigonga kofia yake:
"Mhandisi, mlango wa maktaba unafunguka nusu,
halafu unapiga hodi kwenye nguzo."

Tulikuja. Ukausukuma. Du.
Ukausukuma tena, kana kwamba zege lingeona haya.
Mimi nilishika futi kamba bila kupima chochote.
Ulisema, kwa hasira, basi mlango tuuondoe.
Belarmino akasema nyumba isiyo na mlango ni yai.
Hakuna aliyecheka. Kisha tukacheka wote watatu,
vibaya, mpaka mchanganya zege akazima mashine
kuja kuona nani ameumia.

Juu ya boneti ya gari, mgongoni mwa risiti ya misumari,
ulichora kwa penseli tao dogo la mlango
likielekea nje.
Mstari mmoja.
Hakuna mashine iliyoukataa.

Siku hizi tuna kona moja: mlimao.
Nimekubali. Mto haukulalamika.
Na kwenye kila nguzo unayonitumia,
mahali pa maelezo ambapo zamani uliacha patupu,
unaandika kwa herufi ndogo: hii inabeba.
Hii inabeba. Hii inabeba. Hii ni bomba la mvua, samahani.
Kwenye moja tu, ya ukumbini, umeandika:
hii sijui, niambie.

Sijakujibu.
Nimeizungusha kwenye skrini tangu saa nane,
nimeitoa, nimetazama dari ikishuka milimita nne,
nimeirudisha, dari ikapanda tatu na nusu.
Ile nusu iko wapi?
Mlima unaonekana vizuri sana bila hiyo nguzo.
Mimi pia sijui, Maite.
Usinitumie kitu kesho.
Njoo na penseli.