Nusu ya Kumbukumbu

"Imekufa tena," shangazi Etelka ananiambia kwenye simu,
na kufa kwake nakujua: mara ya nne tangu Jumapili.
Napanda kilima cha Avas kwa miguu, na lifti nayo imegoma,
ghorofa saba, bisibisi mfukoni, theluji viatuni.

Ananipa karatasi. Ameandika yote kwa penseli,
mwandiko wa karani wa kiwanda cha chuma kilichofungwa:
Jumatatu, saa moja na dakika kumi jioni. Nilikuwa nacheza karata.
Jumanne. Sikuwa nacheza chochote. Nilikuwa nachemsha viazi.

Samawati ni rangi ya mbingu; hii siyo.
Hii ni buluu ya ovaroli, ya wino wa mhuri,
na juu yake kiuso cha huzuni kimelala ubavu,
kama mtoto aliyevunja kikombe akawahi kulia yeye kwanza.
Chini yake: asilimia sifuri. Tunangoja. Asilimia sifuri.
Kisha giza, kisha inaamka haijui kitu.

Nikikaa mimi, haifi.
Saa nzima naitazama nayo yanitazama,
jino lililoacha kuuma mlangoni pa daktari.
"Ngoja," shangazi anasema, "haijakuzoea."

Nilianza na yale ya kuanzia.
Nikasasisha viendeshi. Nikaondoa programu ya pili ya kinga,
maana walinzi wawili wa mlango mmoja hukamatana wenyewe.
Nikaiwasha katika hali salama; ikawaka salama, haikunifundisha neno.
Nikasoma namba za makosa, ndefu, sifuri na herufi,
na kila namba ikamsingizia mwingine:
leo kadi ya picha, jana diski, juzi sauti.
Kesi yenye washtakiwa wengi hivi,
mwizi hajatoka nje.

Nikafungua ubavu wa boksi.
Vumbi likatoka na harufu ya tumbaku.
Vendel ana miaka mitatu kaburini
na moshi wake bado umekaa kwenye feni.
Shangazi aliegemea friji, akatazama brashi yangu.
"Usilipulize lote," akasema.

Vijiti viwili vya kumbukumbu. Nikavichomoa,
nikayasugua meno yao ya dhahabu kwa kifutio cha shule,
nikavirudisha, nikaiacha mashine ijipime usiku kucha.
Tulikula supu ya maharage. Nikalala kwenye kochi fupi,
miguu nje kama mkate uliozidi kapu.

Saa kumi alfajiri: mistari myekundu toka juu hadi chini,
makosa elfu mbili mia moja na arobaini.
Kijiti cha kwanza peke yake, safi.
Cha pili peke yake, wekundu tena,
hata nilipokikalisha kwenye tundu la mwenzake.
Kumbe ni wewe.
Ukipewa tisa unarudisha nane, na uso mkavu,
na nyumba nzima inaanguka kwa ajili ya moja.

Shangazi alikuja na koti juu ya gauni la kulalia.
"Kwa hiyo inabaki na nusu ya kumbukumbu?"
"Nusu. Itakuwa nzito kidogo."
Akakoroga kahawa isiyo na sukari. Akaendelea kukoroga.
"Nusu inatosha kufungua picha?"
"Inatosha."
"Zote pamoja?"
"Moja moja ni afadhali."
"Moja moja," akasema, "ndivyo ninavyozitazama."

Kile kijiti kibovu hakuniachia nikitupe.
Akakitia kwenye kopo la vifungo,
pamoja na funguo za gari waliloliuza zamani.

Alhamisi simu inatetemeka, niko darasani, chaki mkononi.
"Imekufa?"
"Haijafa. Siku ya tano. Naandika hakuna, hakuna, hakuna,
penseli yenyewe imechoka."
Kimya kidogo. Nasikia feni yake kwa mbali, ikizunguka.
"Ila Zsombor, ile printa..."