Kuuma na Kupuliza

Alfajiri ya Mei, nje kidogo ya Polson, Montana,
theluji imebaki kivulini mwa ghala tu,
nami nakagua mitego yangu ya bati mmoja mmoja
kama tarishi anayerudi kuomba barua.
Thelathini na minane mitupu.
Wa thelathini na tisa ni mzito.

Ndani niliweka shayiri, siagi ya karanga,
na tonge la pamba: usiku wa huku huua kabla ya paka.

Anatoka. Tumbo jeupe, macho makubwa kuliko kosa lake.
Gramu kumi na tisa. Dume. Sikio la kushoto lina kovu.
Ndani ya barakoa narudiwa na pumzi yangu mwenyewe,
ya moto, inanuka chai,
na tone la damu linapanda mrija mwembamba.

Kwetu Kilosa tulisema panya huuma huku akipuliza,
ndiyo maana aliyelala haamki.
Huyu haumi. Hupuliza tu.
Mkojo wake hukauka, huwa vumbi,
na vumbi husubiri ufagio.

Ufagio ulikuwa wa Marit Tveit.
Aprili ya mwaka juzi alifungua kibanda,
akaifagia baridi yote nje,
akiimba labda; hakukuwa na mtu.
Siku ya kumi na nane, homa.
Ya ishirini na mbili, mapafu yalijaa maji
kitandani, mbali na ziwa.

Mumewe, Arne, hunisubiri getini, mikono mfukoni.
Hajawahi kuniuliza virusi vina umbo gani.
Leo anauliza: "Huyo panya mwenyewe, anaumwa?"
Hapana. Anakula, anazaa, mwisho huliwa na bundi.
Virusi vimepanga kwake, vinalipa kodi, havipigi kelele.
Kwa binadamu huja vimevunja mlango.

Ananyamaza.
Angependa adui mgonjwa, nadhani,
au basi adui mwenye meno.

Utaratibu wasema: mrudishe ulipomkamata.
Namba 0417 kwenye hereni ya bati. Nainama,
nafungua kiganja. Arne anatazama.
Buti lake halinyanyuki.
Panya anaingia chini ya sakafu ileile.

Kisha anachukua ndoo, anachanganya jiki na maji,
analowesha ubao kwa ubao, anangoja
dakika nyingi kuliko nilizomwambia.
Anapangusa kwa kitambaa, amepiga magoti.

Ufagio bado uko nyuma ya mlango.
Hajautupa, hajaugusa.
Nyuzi zake zimelala upande mmoja,
upande wa mkono wa Marit.