Kifumbu

Duka la Bwana Ackroyd liko chini ya daraja la reli, Huddersfield.
Mlango mzito, kengele yake inalilia puani.
"Unamnunulia mumeo?"
Nikamwambia mume sina, pikipiki ninayo,
ya mwaka tisini na nane, na leo naimwaga oili mwenyewe.
Akacheka, akapangusa kaunta kwa mkono wa sweta.

Filta nne akazisimamisha mbele yangu
kama watoto wanaosubiri kupimwa kimo.
Nyeusi. Nyeupe. Ya buluu, yenye chata la kujipendekeza.
Ya nne haina jina, bei yake nusu ya nusu,
na mkono wangu ulishaiendea,
mkono wa mtu anayetuma pesa Tanga kila tarehe tano.

Akanizuia bila neno.
Kutoka chini ya kaunta akatoa maiti zake,
filta alizozipasua kwa msumeno,
matumbo ya karatasi nje.
"Hesabu marinda."
Ile ya bei ya chee, thelathini na nane,
na gundi imeitoka kama kamasi.
Nyeusi, sitini na moja,
sketi ya shule iliyopigwa pasi tangu usiku.
Akabonyeza ulimi wa mpira kooni mwake:
"Huu ndio bawabu. Ukizima injini, oili haikimbii yote.
Ukiwasha asubuhi, chuma hakisagi chuma kikavu."

Rahisi huvunja upishi.
Neno hilo nililijua kabla sijajua spana.

Na oili ya gari? Hapana, akasema, ina ulaini wa dalali;
klachi yako inaoga humohumo,
itateleza, injini itanguruma, na wewe huendi popote.
Nikachukua ya pikipiki, lita nne, pauni thelathini na nne.
Mwisho akanidondoshea kiganjani pete ya shaba,
washa ya bolti, peni arobaini.
"Hii usiisahau."

Nimeisahau.

Uani, mvua imepumua kidogo.
Oili ya zamani imetoka nyeusi, masizi ya sufuria ya shughuli.
Filta mpya nimeipaka mdomo kwa kidole,
nimeikaza kwa mkono mtupu kama nilivyoelekezwa,
bolti nimeifunga, nimemimina, nimesimama nikijisifu,
nikavuta leso nifute jasho,
na pete ikatoka nayo mfukoni,
ikalia kwenye saruji: ting.

Chini ya injini, tone.
Nikahesabu mpaka tisa.
Tone.

Karai lina tope la kwanza. Oili hii ni mpya, ina bei.
Nikaingia jikoni nikatoka na beseni la kukandia
na kile kilichokuwa ukutani,
kifumbu cha ukindu alichonipa mama siku ya kuondoka.
Miaka sita hakijaonja nazi,
maana hapa tui linakuja kwenye kopo.
Machicha yabaki, tui lipite:
kazi ni ileile, nikakiambia, usione haya.

Ikapita polepole, rangi ya asali,
ikaacha ndani mchanga wa uani, jani la jirani,
na unywele mmoja wa chuma, unang'aa.

Pete mahali pake. Bolti. Oili ikarudi nyumbani.
Nikawasha: taa nyekundu ikanikonyeza, ikazima.
Nikatandika gazeti chini, nikachuchumaa, nikangoja
mpaka magoti yakalalamika.
Gazeti kavu.

Jioni mama akapiga simu.
Umepika nini? Wali.
Wa nazi?
Nikakitazama kifumbu kwenye kamba ya nguo,
kinachuruzika, hakitaingia tena jikoni.
Nikamwambia, mama, kifumbu chako leo nimekitumia.

Akafurahi mno. Akaita na majirani.