Katoni ya Ami Suwedi

Wiki ya kwanza chuoni, kule Khoudh,
daktari wa kanuni alitupa orodha: vitabu saba, kamusi,
na maswali ya kufuata:
nani kamshitaki nani, kulitokea nini,
kifungu kipi, kwa sababu gani.
"Ukurasa mmoja," alisema. "Anayezidisha hajaelewa."
Wenzangu wakaupiga ubao picha.
Mimi nilikuwa bado nahangaika na neno la pili.

Kwetu Hail tunasema Kiswahili
mlango ukishafungwa. Nilidhani kitanifaa:
hakimu, shahidi, wakili, hukumu,
maneno yote ya nyumbani, yamevaa kilemba tu.
Kumbe ni mabinamu waliolelewa mbali.
Jinai niliyoijua mimi ni kosa lolote la kuitiwa polisi;
huku ni kosa zito peke yake, dogo lina jina lake.
Nikaita jinai pasipo jinai.
Karatasi yangu ikarudi nyekundu
kama kitambaa kilichofutia pilipili.

Alhamisi Bi Zayana akaniita Barka.
Mumewe, Allah amrehemu, alikuwa karani wa mahakama
miaka ishirini na tisa, hakuwahi kupanda cheo.
"Chukua hivi, vinanijazia vumbi."
Katoni ya maziwa ya unga, imefungwa kwa waya wa pasi.
Ndani sheria za chapa ya zamani,
nyingine zimefutwa kabla sijazaliwa.
Njiani nikawaza: maiti hawa nawapeleka wapi?

Usiku, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo,
nikafungua kimoja ili nisilale.
Pambizoni, kwa penseli, mwandiko mwembamba:
ghaini, wau, jimu, alifu.
*Ghuja*. Kiarabu hakina neno hilo.
Chini yake be yenye nukta tatu,
herufi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha.
Nikajaribu tena, safari hii kwa sauti,
kama mtoto anayesoma kibao cha duka,
na chumba kizima kikanigeukia:

*Ngoja. Hapa pana mtego.*

Ami Suwedi! Miaka yote ile
amekaa chini ya mahakimu, anapiga mihuri,
na pembeni ya sheria anaongea lugha yetu
kwa herufi zao, palepale mezani pao.
*Huyu kasema "au". Hakusema "na". Mtu kafungwa kwa "au".*
*Soma sababu kwanza, hukumu haikimbii.*
*Wakili huyu anaandika sana kwa kuwa hana kitu.*
Na nyuma ya jalada, ambapo wengine huandika jina lao:

*Usikimbilie mwisho, anza na aliyelia,*
*Neno lisiwe kitisho, lishinde kwa kurudia,*
*Kisichosomwa kwa jasho, kesho kitakukimbia,*
*Kalamu nayo hakimu, iogope ukishika.*

Nikachukua kesi ya Jumapili:
tangi la maji la jirani limepasuka juu ya paa,
godoro na mashine ya kushonea vimeharibika.
Nikaanza na aliyelia. Mshonaji, mjane, wa Mawaleh.
Nikauliza anataka nini hasa. Halafu nani alijua
kuwa tangi lina ufa, na alijua lini.
Kurasa nne nikazikata zikawa mbili,
mbili zikagoma. Saa tisa usiku
nikafuta sentensi niliyoipenda kuliko zote
na ukurasa ukatosha.

Sita juu ya kumi. Si haba.
Daktari akanirudishia kitabu nilichosahau mezani,
kidole chake kwenye pambizo: "Hiki ni Kiarabu?"
"Herufi tu, daktari," nikamwambia.
Akatazama kidogo, midomo ikijaribu.

Ipo moja bado sijaiweza, ukurasa mia mbili na kumi,
chai ilimwagikia, au mvua, sijui.
Naona ghaini mwanzoni, kisha doa.
Labda ni *ngumu*. Labda ni *nguo*, alitumwa sokoni.
Kila nikipita hapo nasimama.