Chuma Juu ya Mlango

Bibi ananipa elfu tano, noti imekunjwa mara nne.
"Ninunulie moto," anasema. Umeme kwake ni moto.
Namsomea tarakimu ishirini, anabonyeza mwenyewe,
kidole kimepinda, hakosei.
Kisha anauliza: "Wamekata?"
Wamekata, bibi. Buku jero, kodi ya jengo.

Zamani kodi ilikuja na mtu, ana daftari kwapani,
unampa maji, mnabishana, anarudi kesho.
Siku hizi inapita kwenye waya
na waya haunywi maji.

Mzee wa miaka sitini, anayelala nyumbani kwake, asidaiwe:
tangazo limebandikwa ofisini Nachingwea,
kona moja imebanduka, inapepea na feni.

Lakini kitambulisho kinasema kazaliwa sabini na moja.
Mwandikishaji alikuwa na foleni, na jua la saa saba;
alimtazama usoni, akakadiria,
akampunguzia miaka tisa, kama muuza vitenge jioni.
"Nilicheka," anasema bibi. "Nilidhani kanisifu."

Bibi Somoe Likungama hana cheti cha kuzaliwa.
Ana mwaka: ule waliong'oa reli ya karanga,
reli iliyokuja kubeba karanga
na karanga zenyewe zikagoma kuota.
Mama yake alishikwa na uchungu nyundo zikilia,
na baba akarudi usiku na kipande begani,
hakuna aliyemuuliza.

Kipo juu ya mlango wetu wa mbele,
kimebeba tofali na bati hadi leo.
Ukipanda kigoda ukakipapasa, utu wa kiwandani bado umo,
herufi tatu na nusu, nyingine imeliwa na kutu.

"Njoo upime," alimwambia kijana wa dirishani.
"Mnaitoza nyumba kila mwezi, basi njia mnaijua.
Mimi na chuma kile tulifika wiki moja."

Kijana akasema mfumo hauna mahali pa kuandika chuma.
Alete kiapo cha mahakama, na picha mbili.
Akaandika kwenye kikaratasi, taratibu, kwa heshima,
kama mtu ambaye naye ana bibi.

Kiapo, elfu kumi.
Njiani akahesabu kwa vidole, buku jero, buku jero,
akasimama penye duka la mbolea.
"Miezi saba ndiyo irudi. Nitaifikisha?"
Aliuliza kama anayeuliza bei ya nyanya.
Sikuwa na jibu.
Akafungua fundo la kanga.
"Haya. Twende tukaape."