Hesabu ya Viti

Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu viti.
Nasema mapema, msije mkaniuliza habari za malaika;
malaika wana waandishi wao.

Mwaka wa sabini na tisa, Wolverhampton,
sebuleni kwa Clive Prosser, fundi bomba:
viti sita, na kochi lenye mguu mmoja wa tofali.
Tulikuwa kumi na mmoja.
Dada Icilda alikalia ndoo ya rangi, kofia kichwani.
Kule kwenye kanisa la mawe, mchungaji alimpa mkono mlangoni,
akamshukuru kwa kuja,
akamwomba asirudi.
Hakurudi. Alikuja kwetu.

Maureen aliteleka birika lisilo na kifuniko.
Clive alisoma, kidole chenye masizi kikifuata mstari,
kisha kimya kikatukalia
kama blanketi lililolowa,
na Icilda akaanza kunena kwa lugha.
Mimi, mtoto wa Ujiji, niliyelelewa kwa Kilatini cha mapadri,
niliutafuta mlango kwa macho.
Maji yakachemka, yakamwagika jikoni,
hakuna aliyekwenda kuzima.
Sikutoka.

Tukahamia shule ya msingi. Viti vya watoto,
magoti yanagusa videvu, watu wazima wanalia
chini ya picha za twiga zilizochorwa kwa kalamu za nta.
Kiwanda cha chuma kilikuwa kimezimwa.
Wako waliokuja kuombewa mgongo,
wako waliokuja kwa kuwa palikuwa na joto na chai ni ya bure.
Wote niliwaandika. Kiti hakiulizi.

Kisha jumba la bingo: viti mia tisa, vyekundu,
zulia linanuka sigara za miaka thelathini.
Jumapili ya kwanza bibi mmoja, Doris Tranter,
aliingia na kalamu yake akingoja namba zitajwe.
Tulimzika sisi, miaka kumi na miwili baadaye,
kalamu ile mkononi.

Halafu ukaja mwaka wa kicheko.
Watu walianguka wakicheka, wakajiviringisha kati ya safu,
wengine wakasema huyu si Roho, huyu ni mwingine.
Ugomvi ulianzia kwenye kicheko, ukaishia kwenye fedha.
Trevor akaondoka na kinanda, na watu wake nyuma.
Viti mia mbili na arobaini nilivikunja peke yangu,
kimoja kimoja, mpaka vidole vikavimba.
Hesabu ya kutoa hakuna anayeisimulia jukwaani.

Sasa tuko kwenye ghala lililokuwa la matairi, kando ya barabara kuu.
Viti elfu tatu na mia nne, vimepigiliwa sakafuni.
Mlangoni kuna kijicho cha umeme kinachohesabu vichwa;
hakijui kwamba Pauline yuko nje anavuta sigara,
wala kwamba pacha wa akina Okonjo wamekuja bila mama.
Anahubiri Gareth, mtoto wa Clive, viatu vyeupe pe,
na kusema kweli anahubiri vizuri.
Clive huwekwa pembeni na kigari chake.
Juzi, ngoma zikirindima, alinivuta mkono:
“Hilo bomba limeziba,” akasema. “Nani analishughulikia?”

Siku ya maadhimisho walituonyesha historia yetu kwenye skrini.
Dakika tatu. Sebule safi, kochi lina miguu yote minne.
Jina la Icilda walilikosea herufi mbili.
Ndoo haikuwepo.
Watu walisimama, wakapiga makofi. Nami nilisimama;
ningefanya nini?

Jumatatu usiku tunafagia.
Chumba cha vifaa kina viti vinne, nasi tu saba,
na birika lile, bado halina kifuniko.
Jana alikuja binti mgeni, Furaha, wa kutoka Uvira,
hana Kiingereza, hana koti la maana.
Aliangalia huku na huku,
akaigeuza ndoo ya kudekia, akaikalia,
akapokea kikombe kwa mikono miwili.

Nikatafuta kalamu yangu.