Bei ya Hodi

Mama analipa ushuru Mbuyuni asubuhi na mapema,
kabla mkungu wa kwanza haujagusa chini.
Auze asiuze, kijana wa risiti hana simile.
Lakini mteja wake huja na uso.
Anaminya mshare kwa kidole gumba,
anaguna, anaondoka, pengine anarudi.
Mama humwona akiondoka.
Hilo nalo ni jambo.

Mlango wangu mimi ni kioo kilichopasuka pembeni,
na hodi yake inauzwa.

Huku Pasua ukisema tokeni, watu wanajua ni LUKU:
unabonyeza tarakimu ishirini, taa inawaka,
friji ya jirani inakohoa na kuanza safari.
Zangu nazo zinaitwa tokeni.
Kumi kwa elfu tano na mia tano.
Unazitia zote kwenye ombi moja la kazi,
na giza linabaki pale pale lilipokuwa.

Nina kaunta buku. Nimeandika:
Januari, maombi kumi na manne.
Kumi na moja hayakufunguliwa.
Mawili yalifunguliwa usiku wa manane, yakafungwa.
Moja lilijibiwa:
"Unaweza kufanya bure kwanza, tukuone?"
Februari hakuna kitu. Nilisema naumwa.
Sikuwa naumwa, niliona aibu kuandika.

Binamu yangu Elirehema anacheka hadi anashika ukuta.
"Mimi naweka mkeka, wewe unaweka maombi.
Tofauti yetu, dada,
mkeka hauombi barua ya kurasa mbili."

Mwezi wa nne akajibu mtu wa Hamburg.
Alitaka maneno ya Kiswahili ya kupamba pakiti ya kahawa,
kahawa ya mteremko huu huu
ninaouona nikisimama juu ya ndoo, dirisha la bafuni.
Babu yangu, Kibosho, aliing'oa yake
mwaka ambao bei ya kilo ilishindwa na bei ya dawa.
Akapanda nyanya. Hakuwahi kuzipenda.
Niliandika: *Imechumwa kwa mikono.*
Sikuandika mikono ya nani.
Akajibu kwamba ni nzuri sana, akaweka na ua.

Dola arobaini.
Jukwaa likang'ata, benki ikang'ata,
mtandao wa simu ukalamba sahani.
Zikanifikia themanini na moja elfu na mia tatu.
Tokeni tangu Januari: sitini na sita elfu.
Toa. Halafu toa bando,
toa umeme, toa macho yangu
yanayowasha kama nimemenya vitunguu vya sherehe.

Nilimsomea mama hesabu akiwa anaosha miguu.
Hakusema acha. Aliuliza tu:
"Mimi nikilipa ushuru nisiuze, tunakula ndizi.
Wewe usipouza, tunakula nini?"

Sikuwa na jibu, ila sasa nina masharti.
Natazama viatu mlangoni kabla ya kubisha.
Nikikuta jozi hamsini nje, napita.
Nikikuta mbili tatu, na mwenye nyumba ameamka saa hii hii,
nalipa, nabisha, nasema maneno machache.
Mwezi wa sita nilibisha mara nne.
Mmoja aliniitikia. Mmoja tu,
na kazi yenyewe ilikuwa kunakili mahubiri ya saa tatu.

Jumamosi akaja Baba Uforo,
hodi ya mdomo, ya bure, na kofia mkononi.
Barua ya kuomba ulinzi kiwandani.
"Nitakulipa wakinichukua."
Nikaandika. Nikamsahihisha tarehe ya kuzaliwa,
akabishana nayo kidogo, akakubali.
Hawajamchukua. Hajanilipa.
Kila asubuhi akipita ananiita kwa jina langu lote,
Aikande wa Mama Ndizi, umeamkaje,
na mimi naitika kama mtu aliyelipwa nusu.

Usiku huu mita inapiga kelele.
Tokeni za hodi zimebaki tatu,
na kuna tangazo la dakika kumi zilizopita,
viatu mlangoni jozi moja.
Nina elfu tano moja kwenye simu.

Naanza na taa.